Difu Iliyobaki Kwenye Gunia

Haya yalimkuta Clement, rafiki yangu wa Endagikot, na mpaka leo ukimtajia habari za difu anabadilisha mazungumzo.

Ana gari la zamani lenye turbo. Lina mbio, ila difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, ilikuwa inalia: likifika spidi themanini linatoa mlio mwembamba, unaingia mpaka kwenye meno. Akampelekea mzee Sebastiani, fundi wa Mbulu mjini, amfungie difu nzito zaidi, ekseli nene na gia za kupandia milima. Kazi ikaisha jioni, umeme umekatika. Difu ya zamani ikalazwa kwenye gunia sakafuni mwa gereji, oili imemwagwa, ekseli za kuzungushia magurudumu zimechomolewa.

"Mzee, ngoja nikalijaribu."

"Haya, usichelewe."

Clement akashika barabara ya Haydom. Gari likavuta vizuri ajabu, kimya kabisa huko nyuma, na kimya hicho ndicho kilichomkosesha raha. Simu ikaita, ni mzee Sebastiani, akaiweka spika.

"Clement, uko spidi ngapi?"

"Themanini, mzee. Kwani vipi?"

"Difu yako ya zamani inalia humu gereji. Giza, sioni kitu. Nimeigusa, inazunguka."

Nyuma ya sauti ya mzee, Clement akausikia ule mlio. Akaondoa mguu kwenye mafuta, ukashuka. Akakanyaga kidogo, ukapanda. Akaegesha pembeni, akazima injini, akavuta handibreki.

"Nimesimama, mzee."

Kwenye simu mlio ulizidi kupanda, ukapita ule wa themanini, ukapita wa mia.