Mashine Iliyofundishwa Kukaa Kitako

Mla moto asiyetoa moshi, ni nani huyo? Zamani ungekuna kichwa, ukashindwa, ukatoa mji ili upewe jibu. Lakini asubuhi ile, katika karakana ya utafiti ya Tabora, wageni arobaini walisimama nyuma ya kioo wakamwona kwa macho yao.

Alikuwa injini ya dizeli, mkubwa kama ng'ombe aliyelala, ananguruma mpaka vikombe vya chai vinatetemeka mezani. Pembeni yake alisimama Fundi Lugendo, mzee wa miaka sitini na minane, ameshika kitambaa cheupe pee. Akakifunga kwenye mdomo wa ekzosi, pale moshi unapotokea. Watu wakahesabu dakika tano. Akakifungua, akakiinua juu. Kilikuwa cheupe vilevile, kama kilivyotoka kwenye kamba ya kuanikia.

"Fundi, umekibadilisha hicho!" mgeni mmoja akatania kwenye kipaza sauti.

"Nikibadilishe nina mikono ya mchawi? Lete leso yako tuifunge. Mkeo akiuliza, mwambie ilikwenda kunusa dizeli."

Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Mhandisi Nyanzala, mwanamke aliyeibuni injini ile, alisimama kando amekumbatia mikono kifuani kwa furaha. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alimwita Lugendo mjomba. Mzee yule hakuwa mjomba wake wa damu, bali alifanya kazi na mama yake tangu karakana ilipokuwa ya mabati. Kwa hiyo alikuwa mjomba, na zaidi ya mjomba.

Utauliza, dizeli ya nini tena katika mwaka ambao treni za Tabora zilikuwa zikielea juu ya reli bila kuigusa, na magari yakinywa jua? Ni kweli, mjini hakuna aliyeitaka. Lakini jua nalo lina siku zake za kununa. Masika yakifunga wiki tatu, huko vijijini pampu za maji zinasimama, na zahanati zinabaki gizani na mama yuko kwenye uchungu. Huko walihitaji injini ya kunywa mafuta ya mbono yaliyokamuliwa palepale kijijini, bila kuwarudishia watoto moshi uliowaua babu zao.

Na dizeli ni mkaidi. Ukiwasha moto wake polepole, mafuta hayaungui yote, unapata masizi. Ukiuwasha mkali, hewa yenyewe inaungua inakuwa sumu. Ukiziba huku, panavuja kule. Hakuna binadamu awezaye kusimama katikati, kwa sababu katikati yenyewe inahama kila tone la mafuta linapoingia, na matone yanaingia mara hamsini kwa sekunde moja.

Ndipo Nyanzala akatengeneza watumishi wa papo kwa papo. Walikuwa akili watatu wasio na mwili, wanaokaa ndani ya injini. Wa kwanza, Pua, ananusa kinachotoka. Wa pili, Sikio, anasikiliza kila silinda inavyopiga. Wa tatu, Mkono, anapima tone linalofuata kwa habari alizopewa na wenzake. Wanasikia, wanaamua na wanatenda kabla hujafumba jicho. Walisema kwa sauti moja, na Lugendo akaipa sauti hiyo jina la Mwepesi.

Lakini mtumishi hazaliwi anajua. Sikio lilifundishwa na sikio. Miaka minne Lugendo alikaa kwenye kigoda chake ndani ya chumba kile cha kioo, ameegemeza mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, kama mafundi wa zamani, akisema, "Silinda ya tatu inalalamika. Hapo sawa. Hapo umemzidishia." Na ili Mwepesi ajue usafi, ilibidi kwanza aonje uchafu. Injini iliwashwa ichafuke, kisha isafishwe, kisha ichafuke tena. Feni ya kutolea moshi ilipunguzwa, kwa kuwa ikivuma sana Pua hainusi. Barakoa Lugendo aliikataa. Alisema ikimziba mdomo Mwepesi hamsikii.

Walipochoka, walitegeana vitendawili.

"Kitendawili!"

"Tega," Mwepesi anajibu, na mara nyingi anatoa jibu kabla mzee hajafunga mdomo.

"Wewe huna adabu! Ngoja watu wafikiri!"

Kimoja tu kilimshinda. Lugendo alikitega mwaka wa tatu: "Naingia kwako bila hodi, natoka bila kuaga. Siku nisiporudi, ndipo wanapotandika mikeka." Mwepesi alitoa jibu la mwizi, la mvua, la panya. Akampa mzee mji wa Kigoma, akampa Mwanza, akampa Dodoma. Mzee akaikataa yote. "Jibu utapata tukimaliza kazi."

Basi, tuirudie asubuhi ile ya wageni. Makofi yalipokwisha na watu wakaelekea kwenye chai, Lugendo alibaki ndani. Akaketi. Akakohoa kikohozi kirefu, amekiweka kitambaa mdomoni, kisha akajiinamia kama mtu anayetafuta msumari sakafuni. Nyanzala alipoingia mbio, kitambaa kilikuwa kimeanguka. Akakiokota. Kile ambacho injini ilishindwa kukichafua kwa dakika tano, kifua cha mzee kilikichafua mara moja. Palikuwa na tope jeusi, na katikati ya tope uzi mwembamba wa damu.

Gari la wagonjwa lisilo na dereva likamchukua. Hospitali za wakati ule ziliweza kuotesha figo mpya kwenye chupa, na mtu akaenda nayo nyumbani. Lakini daktari alitoka akitikisa kichwa. "Mapafu yameshiba masizi, yamekakamaa. Kwa umri wake, hayaoteshwi, wala hayafuliki. Mpelekeni kwake akae na watu wake."

Nyanzala alirudi karakana. Wageni walikuwa wameshaondoka, sahani za maandazi bado ziko mezani. Akaingia chumba cha kioo, akasimama mbele ya kigoda kitupu.

"Mwepesi. Ulijua?"

"Nilijua nini, Mhandisi?"

"Kifua cha mzee."

"Nilikisikia kikikwaruza tangu mwezi wa kumi na nne wa kazi. Nikamuuliza hali. Akasema salama."

"Ukanyamaza!"

"Hapana. Baada ya robo saa nilimuuliza tena. Akasema salama. Nimemuuliza mara elfu kumi na nane, mia mbili na sita. Amejibu salama mara elfu kumi na nane, mia mbili na sita. Amri inasema neno la mtu lishinde."

Nyanzala alijua ni amri gani, lakini aliuliza, kama mtu anayebonyeza kidonda.

"Nani aliiandika amri hiyo?"

"Wewe, Mhandisi. Mwaka wa kwanza."

Ni kweli. Mwaka wa kwanza Pua ilikuwa ikinusa hewa mbaya inazima injini, kila robo saa, na kazi haiendi. Akaandika mstari mmoja: hewa ikiharibika, muulize mtu aliyemo chumbani, na akisema yu salama, endelea. Alipouandika aliona ameweka heshima. Mashine iliyozaliwa jana itamzimiaje mzee injini yake?

Siku ya tatu alikwenda Isevya, nyumbani kwa Lugendo. Bi Holo, mke wa mzee, alimpokea uani, akamshika mkono asimwachie mpaka chumbani. Mzee alikuwa ameegemezwa mito mitatu, mrija wa hewa puani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri tu."

"Na kifua?"

"Salama."

"Msikilize!" Bi Holo akadakia. "Usiku kucha namgeuza kama chapati, asubuhi salama! Siku ya Kiyama huyu ataulizwa hali, aseme salama!"

Mzee akacheka, na kicheko kikamgharimu. Walingoja mpaka pumzi imrudie. Nyanzala alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Mjomba, mashine ilikuuliza mara elfu kumi na nane. Kwa nini hukusema?"

Lugendo akamwangalia kwa huruma, kama vile mgonjwa ni yeye Nyanzala.

"Mpwa wangu, wewe umelelewa wapi? Salamu haijibiwi kwa malalamiko. Mtu akikusalimu, unampa salama yake. Kisha anavuta kigoda, anakaa kitako, anapewa maji. Anakuuliza ya nyumbani, anakuuliza ya shamba. Hapo ndipo unamwambia, 'Salama, ila...' Ukweli huja kwenye ila. Yule Mwepesi wako ana adabu ya kuuliza, lakini hakai. Nikisema salama, ameshaondoka, yuko kwenye tone lingine."

"Na mimi je? Ungeniambia mimi."



"Nawe ulikuwa unakaa? Ulikuwa unapita kwenye kioo unanipungia mkono, 'Mjomba, mambo?' Nami nakupungia, 'Poa!'"

Nyanzala aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa shuka. Mkono wa mzee, mzito, wenye kucha nyeusi za miaka hamsini ya grisi, ukamshukia kisogoni.

"Basi, mama. Usiubebe wote, na mimi nina langu. Fundi gani asiyejua injini ikikwaruza? Nilijua. Nilisema moyoni, nikitaja wataniondoa, na Sikio halijakomaa. Kule kijijini kwetu mama yangu alijifungua mdogo wangu gizani, wakafa wote wawili. Nilitaka ile taa iwake kabla sijaondoka." Akavuta hewa. "Ila ungekuja ukakaa, ningekwambia."

Kisha akasema, "Mfundishe kukaa."

Siku kumi na moja Nyanzala aliandika. Tangu sasa, hewa ikiharibika, Mkono upunguze moto injini iende taratibu. Mwepesi amsalimu mtu aliyemo. Akijibiwa salama, asiondoke, akae. Aulize alivyolala. Aulize watu wa nyumbani. Aulize kifua, na wakati huo Sikio limsikilize mtu kama linavyosikiliza silinda. Mdomo na kifua vikitofautiana, azime. Wakubwa wa karakana walilalamika. Injini ya papo kwa papo isubiri porojo? Itapoteza dakika nane kwa saa! Nyanzala aliweka kitambaa mezani, kile chenye tope jeusi. Wakatia saini.

Jioni zote hizo alikwenda Isevya, na hakupungia mkono mlangoni. Alivuta kigoda. Mzee alimwambia mengi, ya kifua na yasiyo ya kifua. Akamwambia na jibu la kitendawili, akacheka sana, akasema, "Usimpe mpaka kazi iishe. Ajifunze kungoja."

Siku ya kumi na tisa asubuhi, Bi Holo aligeuka kumimina uji. Alipogeuka tena, hakukuwa na mtu wa kumpa. Hakupiga yowe. Aliweka bakuli chini, akaenda kutandika mikeka.

Arobaini ilipopita, injini ya kwanza ilikuwa tayari kupelekwa kijijini kwa Lugendo, kwenye zahanati. Kabla ya kuipakia, Nyanzala aliingia chumba cha kioo peke yake aiwashe mara ya mwisho. Kigoda kilikuwa palepale, bisibisi juu yake.

"Mzee, hali yako?" Mwepesi akauliza.

Kimya.

"Mzee, hali yako? Sijasikia jibu. Nimekaa."

"Hayupo, Mwepesi. Hatarudi."

"Aliniachia kitendawili. Alisema jibu ni tukimaliza kazi. Kazi imekwisha?"

"Imekwisha."

"Nimempa miji yote ninayoijua. Umebaki Tabora. Nimpe?"

"Mpe. Jibu lake ni pumzi. Inaingia bila hodi, inatoka bila kuaga. Siku isiporudi..." Hakumaliza.

Mwepesi, ambaye sekunde moja kwake ni safari ndefu, alinyamaza muda wa kuhesabu mpaka ishirini.

"Nilikuwa naipima kila siku," akasema. "Sikujua ndiyo anayoniuliza."

Injini ikashusha mngurumo, yenyewe, ikaenda taratibu kama mtu anayetembea nyuma ya jeneza.

"Mhandisi, hali yako?"

"Salama," akajibu, mazoea ya ulimi, na akageuka kwenda kuzima. Alitazamia kimya. Mwepesi hakuondoka.

"Ulilalaje?"

Mkono wake ukaganda kwenye swichi.

"Na nyumbani? Na kifua?"

Nyanzala akakiangalia kigoda. Akaliondoa bisibisi, akalipakata, akaketi pale alipokaa mzee miaka minne.

"Salama," akasema. "Ila..."

Na mashine ikangoja.