Mdomo wa Jastin

Kasmiri alikutwa amekufa kwenye kiti chake, katika chumba alichopanga Musoma. Kikombe cha togwa kilikuwa kimeanguka karibu na miguu yake. Mlango haukuvunjwa, na simu yake haikuibwa. Maabara ilikuta sumu ya kunyunyizia pamba kwenye ile togwa.

"Muuaji alikaribishwa," Inspekta Matrida alimwambia askari wake.

Kasmiri alikuwa mshauri. Alitumia hipnosi: humwingiza mtu kwenye utulivu ulio karibu na usingizi, kisha huzungumza naye taratibu mpaka ajifunze kujiamini. Daftari lake la miadi lilikuwa na jina moja kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Jastin, mkulima wa Mugeta, wilaya ya Bunda. Ana kigugumizi. Husindikizwa na dada yake, Wegesa.

Huko Mugeta majirani walisimulia bila kuficha. Wegesa aliacha shule darasa la tano ili akae karibu na mdogo wake na kumjibia, maana watoto walimcheka. Hakuolewa. Kanisani, mnadani, kwa mtendaji, Jastin alisimama na dada yake akasema. Lakini mwezi uliopita, kwenye posa yake huko Butiama, Jastin alijieleza mwenyewe mbele ya wakwe. Wegesa alikaa nyuma. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Matrida akawaita wote wawili kituoni.

"Jastin, ulimwona Kasmiri mara ya mwisho lini?"

"Wiki mbili zilizopita," alijibu Wegesa.

"Nimemuuliza yeye."

"Nisamehe, afande. Nimezoea."

"Jastin, Jumamosi kuna mtu alimpelekea Kasmiri…"

"Togwa hatukupeleka sisi," Wegesa alisema.

Matrida aliweka kalamu chini. Neno togwa halikuwa limetoka nje ya jalada la kesi. Jastin alimtazama dada yake kwa muda mrefu.

Jastin akapelekwa chumba cha pili kuandika maelezo. Matrida akamwonya Wegesa kwamba atakachosema kitatumika mahakamani, kisha akamuuliza kwa nini.

"Miaka ishirini na mbili nilikuwaga mdomo wake," Wegesa alisema. "Nikimwangalia tu, najua anataka nini. Yule kaka akamlaza, akaongea naye, Jastin akaamka hanihitaji tena."

"Kumuua kungekusaidia nini?"

"Bibi alisemaga dawa inakufa na aliyeitoa. Nikajua akifa, Jastin atanirudia."

"Haikuwa dawa, dada yangu. Kigugumizi bado anacho. Kasmiri alimwondolea aibu tu."

Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na sauti ya askari ilipenya. Alikuwa akimuuliza Jastin huyu Wegesa ni nani kwake.

"D… d… d…"

Wegesa akainuka kitini. "Dada. Anataka kusema dada. Nendeni mmwambie."

Matrida akamshika mkono.

Upande wa pili Jastin akavuta pumzi, bila haraka.

"Dada yangu," akasema. "Ndiye aliyenilea."

Wegesa akakaa, akafunika uso kwa kanga.