Kichwa cha Gramafoni ya Mama

Kitendawili. Kina mdomo mpana kuliko sufuria, hakina ulimi, na ukikichoma sindano kinaimba. Usiniambie mgonjwa, mgonjwa akichomwa sindano hulia. Ni gramafoni, ile ya zamani ya kuzungushwa kwa mkono, na ndiyo iliyomkutanisha mshonaji mmoja na fundi wake.

Ilikuwa Jumamosi, soko la vitu vikuukuu limefurika. Mshonaji, katika gauni la buluu alilolishona mwenyewe, alikuwa ameikumbatia gramafoni ya marehemu mama yake kama mtoto mwenye homa, akiuliza huku na huku nani anaweza kuitengeneza. Mwanamume mmoja mwenye aproni iliyojaa bisibisi akainama, akaingiza sikio kwenye tarumbeta la mashine, akauzungusha mkono wake wa chuma kidogo.

"Hajafa huyu, dada. Kamani imekatika, na kichwa kimepasuka."

Mshonaji akamuuliza kama anatibu au anatongoza. Fundi akasema anafanya yote mawili, ila kwa foleni.

Akaifungia kamani mpya, ile springi inayozungusha santuri. Akaifungia na kichwa kipya, kile kidude cha mviringo kinachoshika sindano na kutoa sauti. Mashine ikaimba nyumbani kwa mshonaji hadi majirani wakaja mlangoni. Tangu hapo simu haikupoa. Kila adhuhuri fundi alitaka kujua kama sindano yake imekula, naye mshonaji alimjibu, akimwita mzee wa grisi, kwamba imekula na imeshiba. Mwezi wa tatu wa simu hizo fundi akauliza awalete wazee wake lini. Mshonaji akacheka, akasema amalize kwanza nguo za watu. Swali likabaki linaning'inia.

Wiki hiyohiyo akaenda kumpima gauni mwalimu mmoja mstaafu. Sebuleni gramafoni ilikuwa inaimba. Akainama kupima kiuno, jicho likaangukia kichwa kilichokuwa kikitembea juu ya santuri: pembeni kina doa jekundu la rangi ya kucha. Doa lile alilipaka mama yake, kuwaonyesha watoto skrubu wasiyopaswa kuigusa. Futi ya kupimia ikamponyoka.

Mwalimu, bila kujua, akakisifu. Alisema fundi wa soko la vitu vikuukuu amemfungia juzi tu, kikuukuu lakini sauti yake asali.

Mshonaji alipiga simu akiwa bado getini.

"Kichwa cha mama yangu kinatafuta nini kwa mwalimu?"

Fundi akaeleza, tena kwa utulivu, kwamba ndivyo kazi yao ilivyo: kinachotolewa kwenye mashine hubaki kwa fundi. Alikuwa amepata kipande cha ulanga, lile jiwe jembamba linalong'aa kama kioo, akabadilisha ule utando wa sauti uliopasuka, kichwa kikapona.

"Mimi kitambaa kikibaki, hata cha kufunika kifungo, namrudishia mwenyewe. Ukinipa shati nikushonee, nibaki na mkono?"

"Mpenzi, wewe nilikufungia kipya. Kikuukuu ndicho nilichompa mteja."

"Nani alikuomba kipya?"

Akakata simu. Na mimi namuunga mkono. Utamchukuliaje mtu kitu cha marehemu mama yake, ukakitibu, kisha ukamfungie mwingine, halafu useme ni mapenzi? Siku tano hakupokea simu. Alikata vitambaa kwa hasira, akaharibu kola mbili. Gramafoni aliifunika shuka. Hakutaka kuisikia ikiimba kwa kichwa cha dukani.

Siku ya sita fundi akaingia kwenye chumba cha kushonea, shati limepigwa pasi, wateja wawili wakaacha kuzungumza. Alikuwa ametoka kwa mwalimu. Alimweleza ukweli mbele ya wageni wake, akakaripiwa saa nzima kama mwanafunzi mtoro, kisha akamfungia kichwa alichokitoa kwenye gramafoni ya kwake yeye fundi. Akafungua leso juu ya meza: kichwa cha mama, kamani iliyokatika, na skrubu mbili zenye kutu.

"Vyote vilitoka kwenye mashine ya mama. Nilivichukua bila kuomba."

"Nisingekiona, ungeniambia?"

Fundi akatazama chini. "Nisingekuambia. Nilidhani ni changu. Ndiyo maana naona haya hata kusimama hapa."

Uongo ungemfukuza, jibu lile halikumfukuza. Mshonaji akavuta shuka, akamwonyesha mashine kwa kidevu. Fundi akatoa kichwa kipya, akafunga cha zamani, akazungusha mkono. Sauti ikatoka na ule ukwaruzo wake kidogo, kama mtu aliyeimba tangu asubuhi. Mshonaji akasikiliza upande mzima wa santuri, mikono kifuani, machozi yamemjaa na bado amenuna. Wimbo ukaisha. Hakuna aliyeinua sindano.

"Jumapili ijayo," akasema.

Fundi akauliza, kwa woga, Jumapili kuna nini.

"Wazee wako. Waje mapema. Na wakifika, wewe ndiye utakayewafundisha kwamba kwetu kitu huombwa kwanza."