Mashine ya Upepo na Saa ya Baba

Kila siku baada ya masomo Hulda alipitia nyumbani, akachukua kikapu cha chakula na kumpelekea baba yake karakanani. Baba yake, Fundi Ezekia, alikuwa mkuu wa karakana ya misheni karibu na Njombe. Mwaka ule wa 1953 mafundi walikuwa wanachonga mawe ya zahanati, na kuta zilitakiwa zisimame kabla ya mvua.

Kazi yote ilitegemea mashine ya upepo, yaani kompresa. Ilisukuma hewa kwenye mipira hadi kwenye drili ya kutoboa mwamba, nyundo ya kuchongea mawe na bunduki ya kupulizia rangi. Lakini mashine yenyewe ilikuwa ya kuazima kwa wajenzi wa barabara, na karibu wangeitaka. Washarika walikuwa wamechanga mahindi, gunia kwa gunia, hadi ikapatikana bei ya kununua mashine moja. Moja tu, na ikishakuja hairudishwi.

Jumatano baba alimpa Hulda fomu ya duka la Dar es Salaam pamoja na saa yake ya mfukoni.

"Mwanangu, hesabu unaziweza kuliko mimi," alisema. "Kila chombo kinakula upepo wake kwa dakika, vitabu vyake vinaonyesha. Lakini hakuna kinachofunguliwa mfululizo. Kesho ukae hapa dakika sitini, uandike kila kimoja kimefanya kazi dakika ngapi. Hapo ndipo tutajua tuagize mashine ya ukubwa gani."

"Ndiyo, baba."

Sasa, Alhamisi hiyohiyo wenzake walikuwa wanakwenda kuchuma matunda porini, na Hulda wetu kukaa juu ya jiwe dakika sitini hakutaka. Akamwendea Fundi Filbert, mshika drili.

"Shikamoo, baba mdogo. Unatumia upepo kiasi gani?"

"Marahaba. Aa, kidogo tu, mwanangu."

Wa nyundo naye akasema kidogo tu. Wa rangi, kidogo tu. Hulda akaandika dakika kumi, kumi na kumi, kisha huyo, porini.

Jioni akapiga hesabu. Drili ilikula futi sitini za ujazo kwa dakika, nyundo thelathini, rangi kumi na mbili. Kwa dakika kumi za kila saa, wastani wa vyote ukatoka futi kumi na saba.

"Ndogo hivyo?" baba akauliza. "Umepima kwa saa?"

"Nimepima, baba."

Uongo ulimtoka upesi. Baba akachagua mashine ya futi thelathini, akaitia fomu kwenye bahasha na kuifunga.

Jumamosi asubuhi Hulda alitumwa ampe bahasha Yoeli, dereva wa lori la misheni. Lori lilikuwa linapakia mbao. Saa sita lingeondoka kwenda Makambako, na huko barua ingepanda basi la Iringa. Alimkuta Yoeli akiongea na baba.

"Kuna karakana moja kule bondeni ilinunua mashine ndogo," Yoeli alikuwa anasema. "Drili ikifunguliwa tu, upepo unaisha, watu wanakaa kungoja. Siku hizi kuku wanatagia juu yake."

"Sisi tumepima," baba akajibu. "Binti yangu alikaa na saa."

Nyuma ya karakana drili ilikuwa inanguruma, na tangu Hulda alipotoka nyumbani alikuwa anaisikia. Akarudi kinyumenyume na bahasha yake, akaketi karibu na mafundi, akatoa saa.

Safari hii alipima kweli. Katika dakika sitini drili ilifanya kazi arobaini, nyundo hamsini, rangi thelathini. Akajumlisha: futi sabini na moja. Akarudia, ikatoka ileile.

Angeweza kunyamaza. Lakini akilini alimwona baba amesimama mbele ya wazee wa kanisa, mvua inanyesha, kuta zimeishia kiunoni, na mashine iliyonunuliwa kwa mahindi yao imegeuka kiota cha kuku. Yoeli akapiga honi, na Hulda akamkimbilia baba.

"Baba, sikupima. Niliwauliza tu, wakasema kidogo. Leo nimepima, ni sabini na moja."

Baba akamgeukia dereva. "Yoeli, zima injini."

"Fundi, basi halitanisubiri."

"Zima." Akamwita Filbert. "Mtoto alikuuliza, ukamwambia kidogo?"

Filbert akajikuna kichwa. "Sasa Fundi, naulizwa nahitaji kiasi gani, niseme kingi? Si nitaonekana mroho? Hata chakula mtu hasemi hivyo."

Wenzake wakaitikia. Ndivyo walivyolelewa wote.

Baba akafungua bahasha. "Sabini na moja ni wastani. Kuna upepo unaovuja kwenye viungo vya mipira, na huku kwetu juu hewa ni nyepesi kuliko pwani. Chagua ya futi mia." Hulda akaandika upya. Yoeli akaondoka amechelewa nusu saa, ananung'unika.

Jumapili nzima Hulda hakula vizuri, akiwaza kama barua imeliwahi basi. Jumatatu Yoeli alirudi na habari kwamba basi alilikuta Makambako limepata pancha, na barua imekwenda.

Mashine ilifika kabla ya mvua. Vyombo vyote vitatu vilifanya kazi kutwa nzima, na hakuna fundi aliyesimama kungoja upepo. Baba akamwita Hulda kando.

"Mafundi hawakukudanganya, walikuwa na adabu zao," alisema. "Aliyedanganya ni wewe, uliposema umepima. Kitu kinachopimika, kipime kwa macho yako. Na ukikosea, sema kama ulivyosema siku ile, lori likiwa bado lipo."

Jioni hiyo Fundi Filbert alikula kwao. Hulda akamwuliza ampakulie viazi kiasi gani.

"Kidogo tu, mwanangu."

Hulda alikuwa amemwona akila mara nyingi. Akaijaza sahani mpaka juu, na Fundi Filbert akaimaliza yote.