Alipokuwa Hayupo

Kila asubuhi Sanamu alimvalisha mdogo wake viatu, kisha wakaongozana kwenda shule. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wenzake, kwa sababu mara nyingine alinyamaza katikati ya neno, macho wazi, kama aliyechongwa. Yeye hakuhisi chochote. Aliona tu kwamba dunia imeruka: mwalimu aliyekuwa mlangoni sasa yuko ubaoni, na darasa zima limemkodolea macho.

"Ana mtu ndani yake," walinong'onezana.

Sanamu akaogopa kwamba huenda ni kweli. Akafunga mdomo, hata kwa mama yake.

Asubuhi moja walikuwa wakivuka barabara. Ghafla akajikuta ameketi kando, magoti yamechubuka, vumbi la lori likitua juu yake. Mdogo wake alikuwa akilia, amemng'ang'ania mkono.

"Dada, nilikuita! Ulisimama katikati tu, unaniangalia kama hunijui. Nikakuvuta!"

Siku hiyo alimweleza mama kila kitu.

Hospitalini alilala ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, ikagonga na kunguruma kama inayotaka kumtafuna. Yeye na mama waliporudi kuchukua majibu, daktari aliwaonyesha kwenye kompyuta.

"Huu ni ubongo wako ukifanya kazi."

Madoa ya rangi yaliwaka hapa, yakafifia pale, kila moja kwa wakati wake. Ghafla madoa yote, kulia na kushoto, yakawaka pamoja. Yakafifia pamoja. Yakawaka tena.

"Hapa tulikuita," daktari alisema. "Macho yalikuwa wazi. Hukuitika."

Sanamu aliisogelea kompyuta. "Nilikuwa wapi?"

"Palepale. Hakuna mtu mwingine ndani yako, binti. Sehemu za ubongo huzungumza kama watu sokoni, kila kundi na lake. Zako, mara nyingine, hupiga kelele moja kwa mpigo mmoja, na mazungumzo yote hukatika. Ni aina ya kifafa. Kina dawa."

Alimeza dawa bila kukosa. Ile miruko ikapungua, hatimaye ikakoma.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," mama alimwambia, akimsuka nywele. "Kuugua si aibu, mwanangu. Kinachokutisha niambie mapema, hata kama hukielewi. Siku ile nusura niwazike wawili."