Mstari Usiopewa Mbolea

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alimwagilia mizeituni ya shangazi yake. Waliompa jina hilo hawakumwonea. Mdomo wake haukujua likizo.

Shangazi alikuwa mtafiti wa mimea. Mistari yake ya miti ilikuwa mitatu: wa kwanza ulipewa mbolea nyingi, wa pili kidogo, wa tatu maji matupu. Alitaka kujua mbolea inafanya nini kwa vile viini vichungu vya majani, ambavyo wataalamu wanavichunguza kwa ajili ya afya ya watu.

"Shangazi, miti hii ya mstari wa tatu imekosa nini mpaka uinyime?"

"Haijakosa kitu. Nikiinyima ndipo napata cha kulinganisha. Usiiguse, mama."

Lakini Chiriku aliiona kama watoto waliokaa njaa wakitazama wenzao wakila. Siku moja shangazi alipotoka, Chiriku alichota mbolea kwa kopo, akaugawia kila mti wa mstari wa tatu konzi yake. "Kuleni, wanangu. Kimya kimya!"

Wiki zikapita. Shangazi alichuma majani, akayakausha, akayasaga, akapima. Mstari wa tatu ukatoa majibu sawa na ya wa kwanza! Akapima tena. Na tena. Chakula kikapoa mezani. Chiriku akamkuta amevua miwani, anafuta macho kwa ukingo wa kanga.

"Miaka mitatu," alisema shangazi. "Kesho nawaandikia wakubwa zangu kwamba sijui kupima. Waniondoe tu."

Chiriku alimsogelea. "Shangazi... unajua kupima. Ni mimi. Niliitia mbolea ile miti ya mstari wa tatu. Niliionea huruma."

Shangazi akavaa tena miwani, akamgeukia.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa hutanipenda tena."

Shangazi alimvuta kifuani, wakalia wote wawili, kila mmoja kilio chake. Kisha akafungua daftari, akafuta vipimo vyote vya mwaka huo vya mstari wa tatu. Matokeo ya miaka miwili ya mwanzo yalikuwa salama. Ya mwaka huu yalikwenda na maji. Miti ile ilishakula mbolea, hivyo ingebidi kupanda miche mipya na kuisubiri ikue.

"Huruma si kosa, mwanangu, ila uliniona nahangaika ukanyamaza," alisema, sauti ikimkatika. "Ningeandika uongo bila kujua, na mgonjwa mahali fulani angeuamini. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nitakasirika, halafu nitakupenda vilevile."