Maji Baridi Akosa la Kurudia

Kila asubuhi fundi baiskeli aliziba pancha huku akipatanisha wagomvi. Alikuwa muumini wa Kanisa la Marafiki, wale Wakweka wanaoabudu kwa kukaa kimya na wanaokataa vita. Mtaani walimwita Maji Baridi. Ilisemekana aliwahi kupatanisha paka na panya, na paka akaomba radhi kwa kupiga magoti.

Dawa yake ilikuwa moja. "Kabla hujamjibu mwenzako, rudia alichosema. Akikubali kwamba umemwelewa, ndipo ujibu."

Mikutano ya upatanishi ilifanyika nyumbani kwake, katika chumba ambamo binti yake alishona nguo. Siku za mkutano, cherehani na vitambaa vilitolewa nje. Wiki ile mvua ikanyesha. Gauni la bibi harusi likalowa na kuchuja rangi.

Jumamosi muuza nyama aliwahi mkutanoni. Akamkuta binti anafunga cherehani kwa kamba.

"Nahama, baba," binti alisema.

"Kisa gauni? Mwanangu, kazi ya amani..."

"Ngoja, mzee," muuza nyama akamkatiza. Zamani yeye na jirani yake nusura wakatane mapanga, mpaka Maji Baridi alipowafunza. "Rudia kwanza alichokuwa akilalamikia."

"Anasema gauni limelowa."

"Sivyo," alisema binti.

"Anasema hapendi wageni wangu."

"Sivyo! Nimekuambia mara ngapi, baba?"

Fundi alisaka kichwani. Alikumbuka maneno ya kila mgomvi wa mtaa. La mwanawe hakuwa nalo hata moja. Uso ulimwaka. Alitamani ardhi immeze, yeye na pampu yake.

Muuza nyama akamnong'oneza, "Kama hukusikia, omba uambiwe tena. Si ulitufundisha wewe?"

"Niambie tena, mama," fundi alisema, macho chini.

"Huniulizi. Unatupa kazi yangu nje kama taka, kisha unaniagiza chai ya watu wa amani."

Fundi akarudia: "Nimetupa kazi yako nje kama taka. Sikukuuliza. Kisha nikakuagiza chai."

"Ndivyo."

"Nimekukosea, mwanangu. Nifanye nini?"

"Nirudishie chumba. Na bibi harusi ukamwambie mwenyewe."

Fundi alikwenda. Bibi harusi alifoka mpaka sauti ikamkauka. Fundi akarudia yote, hata matusi, bila kujitetea. Bibi harusi akacheka pasipo kutaka, akakubali ashonewe jingine.

Binti hakuhama. Mikutano ikahamia buchani kwa muuza nyama, jioni bucha likishafungwa. Chai anapika Maji Baridi mwenyewe. Ni mbaya mno, hata wagomvi hupatana haraka wasiongezewe kikombe.